Mama Odile na Mihtasari Yangu Sitini na Miwili

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mama Odile Kisimba anaiacha meza ya kuazimishia vitabu katika maktaba yetu ya komini ya Lac, mojawapo ya tarafa za mji wetu wa Kalemie. Kamati imeniomba mimi, Télesphore, mtunza katalogi, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi kuliko wote. Nadhani wamesahau niliyomfanyia.

Alianza mwaka 1994, akipanga magazeti. Riwaya zilikuwa chache na kila siku ziko mikononi mwa wasomaji, kwa hiyo akabaki na rafu mbili za vitabu vya mambo yaliyotokea kweli: safari, magonjwa, madaraja, kesi. Hakuna aliyevigusa. Mama Odile akavisoma vyote, kisha akavumbua namna yake. Hakumwambia mtu kitabu kinafundisha nini. Alimwambia kwamba kuna daktari yuko kisiwani na wagonjwa kumi na mmoja, dawa yake inatosha wanne, na mashua haitarudi kabla ya mwezi kwisha. Hapo ananyamaza na kuomba kadi. Madereva wa pikipiki, mama wauza ndakala, wale dagaa wa ziwani, masista, wote walitoa kadi.

Miaka miwili iliyopita alikwenda Zongwe miezi mitatu kumuuguza dada yake, nikaachiwa meza. Niliona kazi yake haina utaratibu. Kitabu cha kweli hakina siri, nilijiambia, yaliyotokea yametokea. Nikaandika mihtasari sitini na miwili, kila kitabu na wake, pamoja na mwisho: nani alipona, nani alifungwa, daraja gani lilisimama. Nikaibandika ndani ya majalada kwa gundi ya unga wa muhogo, ile isiyobanduka. Nilitembea kama bwana arusi.

Wasomaji walifungua jalada, wakasoma muhtasari wakiwa wamesimama, wakanishukuru kwa adabu na kwenda zao. Katika mwezi wa tatu wa zamu yangu viliazimwa vitabu vinne, kimoja nilikiazima mimi. Kamati ikatuandikia kwamba hali ikibaki hivyo hadi Krismasi, chumba cha maktaba kitafungwa na kufanywa ghala la saruji.

Mama Odile akarudi. Akaisoma mihtasari yangu mmoja mmoja bila kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kubandua hakukuwezekana. Msomaji wa kwanza alipoingia, akamwambia huku nikisikia:

"Ile mwisho yenye Papa Télesphore aliandika, usiamini. Hakufikaka mwisho wa kitabu. Enda usome, utatuambia."

Habari zikaenea mjini. Watu walikuja kuazima ili wanikamate, wengine wakarudi mbio kunionyesha ukurasa. Kufikia Krismasi rafu zote mbili zilikuwa tupu, chumba kikapona, na mimi mpaka leo sokoni naitwa Papa Nusu Kitabu.

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Nilikuwa nimenakili maneno ya jalada la nyuma na kubuni yaliyobaki. Wale wagonjwa kumi na mmoja niliwaponya wote kwa kalamu. Mwaka huu, nilipojua kwamba meza itakuwa yangu, nilikisoma kile kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, na nililia. Walipona wangapi, sisemi.

Ijumaa iliyopita Mama Odile alisimama upande wa wasomaji akaniomba nimchagulie kitabu. Hakuna ambacho hajasoma. Kama nisingeweza kwake, nani mwingine angenisikiliza? Nikamwambia kuna hakimu ana siku mbili za kuamua kesi, na shahidi pekee ni mke wake mwenyewe. Nikanyamaza. Mama Odile alinitazama, akafungua mkoba, akatoa kadi.

Asante, Mama, kwa miaka yote hii, na kwa kuniharibia jina ili chumba kipone. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi mzuri na macho yasiyochoka. Ila kitabu hicho tafadhali kirudishe upesi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tisini.