Alfayo Onsongo na Garimoshi Lake la Nyaramba

Ndugu waombolezaji, mchungaji na wazee wa kanisa, familia imenituma niwasomee maisha ya marehemu Alfayo Onsongo, na mjane wake, Mama Kemuma, ameniagiza niyasome kama yalivyokuwa, kwa kuwa amechoka kusikia marehemu wa watu wakisomwa kama malaika.

Alfayo alizaliwa mwaka 1920 hapa Nyaramba, mtoto wa tatu wa mzee Makori, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1939 akaajiriwa katika karakana ya reli Kisumu, ambako alijifunza ufundi wa injini za mvuke. Tarehe 15 Desemba 1946 alimwoa Kemuma, binti wa mzee Ogari wa Nyacheki, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mogaka, Bochaberi na Nyanchera.

Mwaka 1954 alihamia Sotik kwa mzungu mwenye shamba la chai, aliyekuwa na garimoshi dogo la kuzunguka bustani yake, la mvuke na moto wa kweli, bomba lake la moshi halipiti goti la mtu mzima, reli zake zimeachana shubiri mbili tu, na nyuma linavuta kibehewa ambacho watu hukikalia kama wanaopanda punda. Mzungu huyo alipouza shamba mwaka 1964 arudi kwao, alimwambia Alfayo achague zawadi, ng'ombe wawili wa gredi au garimoshi, na Kemuma, aliyekuwa ameshajenga zizi, alisimama barabarani akatazama lori likishusha chuma.

Kuanzia hapo mama hakuonja raha. Reli zilipita katikati ya shamba lake la wimbi. Maji ya mto yalikuwa yakiacha ukoko ndani ya boila, kwa hiyo maji ya mvua yakawa ya garimoshi, na Kemuma, aliyenunua pipa la kuyakinga kwa fedha za pareto yake mwenyewe, akaendelea kuteremka mtoni na mtungi. Makaa ya miti ya muwati yaliishia huko, mafuta ya kupikia yakaishia kwenye magurudumu, na Jumapili, wenzake wakipalilia chai, Alfayo alikuwa amelala chali chini ya injini na spana mkononi. Hata Sabato iliingia Ijumaa jioni moto ukiwa haujazimika, kwa maana boila yenye moto haiachwi peke yake, na wazee wa kanisa walipokuja kumwonya walipanda kibehewa, wakazungushwa, wakaondoka wakisema jambo hilo litazungumzwa siku nyingine.

Mwaka 1970 cheche za bomba zilichoma kibanda cha kukaushia pareto pamoja na mavuno yote, na Kemuma akarudi kwao Nyacheki. Alfayo alimfuata akiwa na kaka yake, Omwenga, na mbele ya mzee Ogari Kemuma akasema, "Baba Mogaka, nimechoka kuwa mke mwenza wa chuma. Chagua." Alfayo akajibu, "Nimekuchagua wewe, lakini lile nalo likiachwa litashika kutu." Mzee Ogari alicheka hadi akakohoa, na siku hiyo Kemuma alimkasirikia baba yake kuliko mumewe. Alirudi kwa ahadi ya kibanda kipya, na kweli Alfayo alikijenga, kizuri kuliko cha kwanza, kisha akaliingiza garimoshi humo, likachukua nusu ya kibanda.

Mwaka 1975 alianza kuugua kifua, daktari akamkataza moshi, naye akahamishia kiti mlangoni mwa kibanda awe wa kuelekeza. Kemuma ndiye aliyesugua mabomba ya boila, akinung'unika, kwani aliona afadhali asugue yeye kuliko kumwona mgonjwa akitambaa kwenda kusugua. Ndiye pia aliyeliwasha Jumatatu tarehe 7 Machi mwaka huu wa 1977, wajukuu wapande babu yao akiwatazama.

Kesho yake asubuhi pumzi ilimbana, Mogaka akatoka mbio kutafuta gari, na Kemuma akakaa kitandani amemshika mkono, akingoja neno ambalo mke wa miaka thelathini anastahili kuambiwa. Alfayo akafumbua macho. "Mama Mogaka, maji ya jana bado yamo ndani ya boila?" Akamjibu yamo. "Tafadhali yatoe. Yakilala humo yatakula chuma." Kemuma alitaka kukataa, akajua akikataa mtu huyu atajaribu kuinuka, basi akaenda, akafungua koki, akasimama pale maji yakitoka polepole, akimlaumu kwa sauti, na aliporudi ndani na masizi mikononi, mumewe alikuwa ameshatutoka.

Mama amesema isomwe hivyo, na kwamba hasira hazijamwisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, kanisa lililomvumilia, na wenzake wa karakana waliotoka Kisumu alfajiri. Waliokuja kuulizia garimoshi kwa bei ya vyuma vikuukuu wameshajibiwa na mama mwenyewe, na maneno aliyotumia hatutayarudia hapa.

Pumzika, Baba Mogaka. Mwenzako bado ana mengi ya kukuambia, na safari hii utamsikiliza hadi mwisho.