Bei Ilipanda, Kosa Halikuwa Lake

Kaeni chini, wanangu, hata weye Marcellin uliyesimama mulangoni, ingia ukae, na weye Anne-Marie acha kunipepea, upepo wa ziwa unanitosha. Sina pumzi ya kurudia neno. Padri amekwisha kunipaka mafuta, kifua kimekwisha kazi, kilichobaki ni kinywa hiki, nacho kinachoka upesi. Nyumba hii ya Uvira ni yenu wawili, mugawane vyumba bila kuitana wachawi. Nyavu za marehemu baba yangu apewe Anne-Marie, bwana yake anajua kuzitumia. Hayo ni madogo. Jambo linalonizuia kufunga macho ni shamba la mupunga la kule Bwegera, maana nimesikia, Marcellin, kwamba umekwisha kulionyesha kwa muntu wa kununua, na Pétronille, bibi ya mudogo wangu Thaddée, bado yuko ndani yake analima.

Nilipouliza kwa nini, ukanijibu kwamba mume wake alitumaliza, kwamba aliharibu kamiyoneti yetu, ile gari ya mizigo, mara ya kwanza, na mara ya pili akaenda nayo kwa waasi. Haya. Nitaeleza tena, na ni mara ya mwisho, ingawa nimeeleza mpaka nimechoka na nyinyi munatikisa kichwa halafu kesho munarudia yale yale.

Mwaka ule wa uhuru, wazungu walipokuwa wanakimbia kutoka Bukavu kwenda Usumbura, shofere wangu alikuwa Thaddée. Siku moja alikuwa Luvungi, kamiyoneti iko imesimama kando, nje kabisa ya barabara, injini imezimwa, yeye mwenyewe yuko chini anafunga magunia ya muhogo. Muzungu mumoja wa mashamba akaja mbio, gari imejaa magodoro na watoto wanaolia, akatoka njiani akaifumua kamiyoneti ubavu muzima, gurudumu la mbele likalala. Hakushuka kutazama. Alirudi nyuma, akakata usukani, akaenda zake, na jioni alikuwa amekwisha kuvuka Ruzizi. Rugema, mufugaji wa kule mulimani, alikuwa anateremusha ng'ombe zake kwenda sokoni, akaona yote, akaja mpaka hapa kusema mbele ya ajenti wa asiransi, yaani ile bima ya gari. Ajenti akamusikiliza, akamuuliza na Thaddée, akakata neno kwamba Thaddée hana kosa. Hana. Nilikuwa nimekaa pale nikasikia kwa masikio yangu.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo munapopotea. Asiransi ilikuwa na kitu wanaita bonusi. Kila mwaka unaopita bila kampuni kutoa pesa kwa sababu ya gari yako, mwaka unaofuata wanakupunguzia bei, na unaofuata wanapunguza tena, mpaka miye nikafika kulipa karibu nusu ya wanavyolipa wengine, na munajua nilivyojisifu nayo hata mbele ya kanisa. Lakini bonusi haiangalii nani ana kosa. Inaangalia kama kampuni imetoa pesa, na kama pesa hiyo imerudi. Yule muzungu angeshikwa, asiransi yake ingelipa yetu, na bonusi yangu ingebaki mahali pake. Alikuwa amevuka, nambari ya gari yake hakuna aliyeishika, na nani angemutafuta wakati ofisi zenyewe zilikuwa zinafungwa? Kampuni ikatutengenezea kamiyoneti, haikupata wa kuirudishia, basi mwaka uliofuata ikaniondolea bonusi na bei ikapanda. Ingekuwa taa tu imevunjika ningenyamaza, ningeinunua kwa mufuko wangu, bonusi isiguswe. Kwa ubavu muzima mufuko haukutosha. Ilikuwa hesabu ya ofisi, basi, wala hakuna muntu aliyehukumiwa ndani yake.

Lakini humu nyumbani mulisemaje? Nyinyi, na mama yenu, Mungu amupumzishe, mukasema kama Thaddée hakuwa na kosa, mbona wamepandisha bei? Kampuni inajua kitu. Alikuwa amelewa. Alikuwa na mwanamuke Luvungi. Majirani wakachukua maneno wakatembea nayo. Nilikataa, nikagomba, nikapiga meza, ila bei kweli ilikuwa imepanda, nikawa kila mwaka ninalipa huku munanitazama, na kunitazama kwenu kulikuwa ni kumushitaki yeye. Ubaya zaidi, Thaddée mwenyewe akaamini. Alinirudishia ufunguo, akasema hatashika tena usukani wa muntu, akaenda Bwegera na Pétronille kulima mupunga kwenye shamba nililomupa. Nilimuita arudi, akakataa. Ndipo weye Marcellin ukawa shofere.

Nipe maji kidogo, Anne-Marie. Basi, yanatosha.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira, na weye Marcellin ulikuwa umelala chumba cha nyuma, malaria imekupanda kichwani, hujui muntu wala mahali. Walikuja kwa ajili ya kamiyoneti, wakataka na shofere wa kupeleka watu wao kwenye vita. Waliuliza shofere ni nani. Thaddée alikuwa ametuletea muchele siku hiyo, alikuwa amekaa uani anakula. Akanawa mikono, akasimama, akawaambia shofere ni yeye. Nikamuvuta pembeni, nikamwambia mudogo wangu, usiende, huna deni na gari hii, huna kosa, nimekuambia mara ngapi. Akanijibu, "Yaya, mukubwa wangu, ningekuwa sina kosa, bei isingepanda. Acha niende nayo. Mutoto abaki." Hakurudi. Kamiyoneti haikurudi. Asiransi haikulipa hata senti, maana mambo ya vita hawalipi, nalo hilo mulijue.

Huyo mutoto aliyebaki ni weye, Marcellin.

Unaniuliza kwa macho kwa nini sikusema. Pétronille alikataa. Alikuja hapa kabla matanga ya Thaddée hayajaisha, akapiga magoti, akasema shemeji, usimwambie, bado kijana, atabeba jambo hilo mpaka azeeke, afadhali waseme mume wangu aliwapenda waasi. Na mulisema. Alipita sokoni mukimuita bibi ya muasi, akapita amenyamaza kwa ajili yako, na leo weye unamuuzia shamba chini ya miguu yake. Ninavunja ahadi niliyomupa, anisamehe. Sikugombezi, mwanangu, nguvu ya kugomba imekwisha. Nimeumia tu.

Kwa hiyo shamba la Bwegera iko ya Pétronille, na baada yake ya watoto wake, na yule munuzi umwambie atafute kwingine. Siku ukipata gari, Marcellin, ukienda asiransi uliza kwanza bonusi inapotea kwa nini na inarudi kwa nini, na bei ikipanda usije ukamugeuzia shofere wako uso. Mudogo wangu hana kaburi. Kwenye musalaba wangu andikeni majina yetu mawili, lake litangulie.

Mungu awalinde, wanangu... awape watoto wanaosikia kuliko nyinyi... na ziwa lisimunyime Anne-Marie samaki. Mikono yangu haifiki, inameni niwaguse vichwa. Haya.

Anne-Marie, nenda jikoni. Mama yenu mudogo Pétronille iko ananipikia uji, amekuja kutoka Bwegera, tangu asubuhi iko pale. Mwambie auache. Mupe kiti hiki, karibu na kichwa changu... Marcellin, usitoke. Akikaa, mwambie mume wake hakuwa na kosa. Weye, kwa kinywa chako. Miye amenisikia miaka yote, haikumusaidia... Sema polepole, nami nisikie.