Mzee Fundo na Siku ya Ukungu

Mwisho wa mwezi huu, baada ya kuitumikia kambi yetu ya vijana kwa miaka thelathini na mmoja, mkufunzi wetu wa maisha ya porini anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili; sisi tunamjua kama Mzee Fundo, kwani hajawahi kuiona kamba akaipita bila kuifunga.

Alikuja kama seremala wa vitanda vya bweni. Mkuu wa kambi wa enzi hizo alimkuta amezungukwa na wavulana, akiwafundisha kuchonga miiko kwa mabaki ya mbao, akamkabidhi msitu mzima. Tangu hapo amewafundisha vijana kuwasha moto kwa kuni zenye unyevu, kusoma nyayo za wanyama na kujenga kibanda cha matawi kisichovuja. Chake mwenyewe kilivuja. Alidai kinapumua.

Lakini akitajwa Mzee Fundo, mazungumzo huishia palepale: siku ya ukungu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Tulikuwa mlimani na wavulana, ukungu ukashuka hata mtu haoni mkono wake. Mzee akasimama, akageuka, akasema, "Wanangu, nimepotea."

Wakacheka. Walipoona yeye hacheki, wawili wakaangua kilio. Wengine wakabishana: huyu kushoto, huyu kulia. Ndipo mropokaji wao, tuliyemwita Kasuku, akawanyamazisha wenzake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Hebu sikieni, maji yale!" Wakashikana mikono, wakaufuata mlio hadi kijitoni, kijito kikawashusha mpaka kwenye daraja la kambi. Mzee alitembea nyuma kabisa, akihesabu vichwa.

Je, alipotea kweli? Mkewe anaapa kwamba mumewe hupotea hata akitumwa sokoni. Haya. Mbona basi siku ileile, ukungu ungali mzito, alirudi mlimani peke yake akaleta sufuria tuliyoisahau, akaikuta chai yake haijapoa? Tumebishana miaka nenda miaka rudi, na kila anayeeleza hutuchanganya zaidi.

Wiki iliyopita nilimbana aseme ukweli, niuandike hapa. Akacheka, kisha akanitazama sana. "Andika nilipotea. Wale watoto walimrudisha mtu mzima nyumbani. Utawanyang'anya hilo?"

Basi, nimeandika.

Asante kwa yote, Mzee wetu. Upumzike vyema, afya ikukae, na maisha yawe mema kwako na kwa mama.