Golf ya Jozo na Mbao za Mjozi

Kijiwe chetu kipo pale barabara inapoteremkia daraja la mawe, mbele ya mlango wa Mujesira, anayetuchemshia kahawa. Benchi ni la mwaloni, limekaliwa hadi kila mmoja ana shimo lake. Mjini kwetu Konjic kuna mikahawa yenye viti vya mto, lakini huko ukipandisha sauti unaangaliwa vibaya, na sisi bila kupandisha sauti hatusikilizani. Tuko watano. Jozo, dereva teksi, ni Dizeli, kwa ajili ya ile Golf yake nyekundu ya mwaka themanini na saba inayosikika kabla haijaonekana. Enver, mstaafu wa posta, ni Redio. Zulfo alikuwa mshika funguo wa shule ya msingi, kwa hiyo ni Profesa. Mimi nilikuwa kinyozi, nami ni Makasi. Rasim ni Milimita. Alipokuwa mchongaji wa mbao kiwandani, hakuna aliyewahi kumkuta amekosea hata kwa unene wa unywele. Hiyo ni kabla msumeno wa mashine haujamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, tunambebea kuni, tunammiminia kahawa, na neno kuchonga halitamkwi mbele yake.

Sasa Novemba iliyopita Dizeli alikuja kijiweni amenuna. Akaweka vipande vitatu vya plastiki nyeusi juu ya kigoda, kando ya sinia la kahawa.

— Mama mkwe kanimalizia gari.

— Hiki nini? nikauliza.

— Kishikio cha mlango wa abiria. Kaubamiza mlango kama anamfungia shetani nje.

Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni. — Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe tena, Profesa? Si angevunja na kioo!

— Nenda Čapljina kwenye magari chakavu, akasema Redio.

— Nimeenda. Vimejaa vya kushoto. Cha kulia hakipo Bosnia nzima.

— Hapo sasa! Redio akasogea mbele. — Nilijua. Kuna tajiri mmoja yuko Vienna, anavinunua vyote vya kulia. Anaviweka stoo. Siku dunia nzima itakapobaki na vya kushoto tu, ndiyo anafungua mlango.

— Na huo mlango wa stoo ataufunguaje, mlango hauna kishikio? nikauliza.

Tukacheka hadi Mujesira akachungulia dirishani. Rasim hakucheka. Alivigeuza vile vipande kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akavifunga kwenye leso, akaaga. Nilidhani anaenda kuvitupa.

Wiki moja baadaye Dizeli akasimamisha gari mbele yetu, akashuka, akafungua mlango wa abiria bila hata salamu. Kishikio kilikuwa cha mbao ya mjozi, ule mti wa jozi. Rangi ya kahawa iliyokolea, mafuta yameingia ndani ya mbao. Kilikuwa na majani yanayopandana kutoka chini kwenda juu, na kati ya jani na jani vitone vidogo vilivyogongwa kimoja kimoja, kama vile vilivyokuwa kwenye meza za babu zetu.

— Nani kafanya hii? Redio alinong'ona.

— Nimekatazwa kusema.

— Mimi pia? Mimi niliyezigonga mhuri barua zako za uchumba?

— Wewe hasa.

Ubaya wa kipande kizuri ni kwamba kinavitia aibu jirani zake. Plastiki iliyobaki ikaanza kuonekana kama kandambili karibu na viatu vya harusi. Kabla ya mwaka mpya mlango wa pili ukavaa mjozi. Januari kikaja kirungu cha gia, kimechongwa kama tufaha, kinajaa kiganjani. Februari ukaja ubao mrefu wa dashibodi, kutoka kwenye usukani hadi mlango wa abiria, mto Neretva ukipita katikati na majani pande zote mbili. Dizeli akaanza kuwaambia abiria wavue viatu kama wanaoingia sebuleni. Mwalimu mmoja alikataa, akateremshwa kwenye theluji.

Kijiweni kazi ikawa moja tu, kumtafuta fundi.

— Ni watawa, alisema Profesa. — Mtawa hana mke, hana televisheni. Mikono iliyotulia hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mtawa ameinama mvunguni mwa nani? nikauliza.

— Sikilizeni mimi, Redio akasema. — Hii mbao imekaa mtoni miaka mia tatu. Inaonekana kwa rangi. Kuna meli ilizama.

— Neretva hapa kwetu haina meli, Redio. Maji yanafika magotini.

— Ndiyo maana ilizama! Iligonga chini! Na waliochonga si watu. Ni mashine. Shemeji yangu kaiona Stuttgart. Unaipa picha, inachonga yenyewe, haina jasho wala haiombi kahawa. Angalieni majani hayo yalivyolingana. Mkono wa mwanadamu hauwezi. Dizeli kaagiza, na anatuona wajinga.

— Mashine?

Sauti ilitoka mwisho wa benchi. Rasim alikuwa ameweka finjani chini.

— Mashine, ndiyo, Redio akajibu. — Hakuna ubaya, Milimita. Ni maendeleo.

Rasim akainuka, akaenda kwenye gari, akafungua mlango. — Njoo hapa. Hapa. Jani la tatu kutoka chini. Unaonaje?

— Naona jani.

— Limepinda! Limekwenda kulia kuliko wenzake. Mashine gani inakosea hapo? Nilikuwa bado sijauzoea mkono wa kushoto. Nilishinda siku mbili nikilifikiria, nikitupe kishikio chote nianze upya au niliache. Nikaliacha. Na wewe unaniambia Stuttgart!

Kengele ya kanisa ng'ambo ya mto ilipiga saa tano, na mimi nikaihesabu yote.

— Wewe? Profesa akasema.

— Mimi.

— Lakini patasi zako, nikasema. — Patasi zako ninazo mimi, darini. Nilizichukua wakati ule ili...

— Najua ulipoziweka, Makasi. Mipini yake imezoea mkono wa kulia, hata ungenirudishia zisingenifaa. Nimetengeneza nyingine kwa tupa kuukuu. Akaufunga mlango polepole, kwa kiganja, kama anayelaza mtoto. — Stuttgart, akasema tena, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Kuanzia siku ile gari likawa letu sote. Kila aliyepita kona tulimsimamisha. Muuza jibini, polisi wa zamu, hata mzee Mjerumani aliyekuwa akitafuta choo tulimketisha kwanza kiti cha mbele. Profesa alikuwa akielekeza kwa fimbo: huu ni mjozi wa kwetu, hii ni kazi ya kwetu, na mwenyewe huyu hapa. Rasim alikuwa anasema, acheni jamani, lakini alianza kuja kijiweni amenyoa ndevu. Mimi kinyozi naliona jambo kama hilo.

Machi ilipoisha, Redio alileta habari.

— Dizeli, ukaguzi wa gari lako lini?

— Ijumaa ya kwanza ya Aprili.

— Basi yaage hayo majani. Watayang'oa.

— Kwa sheria gani?

— Mbao ndani ya gari! Ukigonga, inapasuka vijiti, abiria anakuwa mshikaki. Sarajevo kuna jamaa alitia mbao kidogo tu, wakamwambia akaisajili kama nyumba. Sasa hivi anatafuta kibali cha bomba la moshi.

— Acha kamba, Redio.

— Kamba? Analipia na maji!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa akaongeza, na safari hii hatukujua kama anamtisha Dizeli au anamlaani mkaguzi.

Dizeli alijaribu kucheka. Mimi nilikuwa namtazama Rasim. Siku ile niliondoka naye, tukapanda mlima, mimi nimembebea mkate wake kama kawaida. Mlangoni kwake akasimama.

— Kingo zote nimezizungusha, Makasi. Hakuna mahali unaweza kujikata. Nyuma ya ubao nimegundisha turubai, ukipasuka usitawanyike. Skrubu ziko kumi na nne.

— Basi hofu ya nini?

— Angekuwa fundi mwingine wakamkatalia, wangesema sheria ni mbaya. Mimi wakinikatalia watasema ni mkono.

Nilitaka kumwambia hakuna atakayesema hivyo. Nikampa mkate wake, nikateremka.

Ijumaa tulifika mapema, hata Mujesira hakuwa amechemsha maji. Theluji bado ilikuwa juu ya mlima Prenj na upepo ulishuka nayo. Rasim alikaa na koti limefungwa hadi kidevuni. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, Profesa akasema, akala kipande cha tatu cha lokumu, ile haluwa laini ya Mujesira.

— Wameshaanza kung'oa, Redio akasema. — Kung'oa skrubu zote zile ni saa nzima.

— Redio, nikasema, — zima.

Kisha tukaisikia. Ile ngurumo ilipanda kutoka darajani, ikakata kona, na nyuma yake likafuata gari dogo jeupe tusilolijua. Dizeli alishuka uso umemkauka. Alisimama mbele yetu, akavuta pumzi, halafu akapiga kofi kwenye paa la Golf.

— Imepita! Imepita kama ilivyo! Saa mbili nzima nimekaa pale, mnajua kwa nini? Wakaguzi wote wameingia mmoja mmoja kukaa. Wamevua viatu!

Profesa akamkumbatia Redio, Redio akamkumbatia Mujesira, Mujesira akamwaga kahawa. Rasim peke yake hakuinuka. Alifungua kifungo kimoja cha koti, basi.

Kutoka kwenye gari jeupe alishuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa ovaroli ya kazi, na mafuta kwenye mkono.

— Huyu ndiye Injinia Belkisa, Dizeli akasema. — Ndiye aliyetia sahihi. Kaomba kumwona fundi.

— Shikamooni, wazee wangu, akasema. — Nimepitisha kidole kila ukingo nikitafuta ncha. Sikuipata. Nikafungua ubao nikaona turubai nyuma. Mimi nakagua magari miaka tisa, sijaona mtu anayefanya vizuri sehemu ambayo hakuna atakayeiona. Ni nani?

Tulimwonyesha sote kwa pamoja, kwa ufidhuli wa furaha, kama watoto. Rasim akasimama, akavua kofia. Belkisa akampa mkono wa kulia, akauona ule wa Rasim wenye vidole vitatu, wake hakuurudisha nyuma. Akaushika kama ulivyo.

— Dizeli kaniambia hukugusa mbao miaka kumi na moja.

— Kumi na moja na miezi.

— Nani alikukataza?

Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia njia ya stesheni. Redio alichungulia ndani ya finjani yake. Profesa alitafuta methali. Dizeli akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Ningeweza kusema: daktari. Lakini daktari alisema apumzike miezi mitatu. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nikamsikia kwa masikio yangu.

Rasim alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Akavaa kofia yake, akalizunguka lile gari jeupe, akafungua mlango wa dereva na kupitisha dole gumba la kushoto juu ya plastiki.

— Hii imechoka, binti yangu. Unapenda majani au maua?

— Maua, mzee. Kama hutachoka.

— Nimepumzika vya kutosha. Akageuka. — Makasi! Futi ya kupimia iko mfukoni mwa koti langu. Shika ncha hii. Siyo hapo. Hapo, kwenye kona.

Nikapiga goti kwenye lami baridi, nikashika.

— Umekaza mno, bwana. Achia kidogo.

Nikaachia.