Bi Ngoja, Msomaji wa Kromosomu (1952–2024)

Wapendwa wafiwa, majirani, na ninyi wa maabara mliokuja na makoti yenu meupe: shangazi alikwishanionya kwamba nikisoma zaidi ya dakika saba ataamka. Basi tuanze.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa nne wa karani wa posta na mshonaji wa nguo. Waliomtangulia walikuwa wavulana watatu, kwa hiyo ukoo mzima ulishakata shauri kuwa huyu naye atakuwa mvulana, na kaptula zikashonwa mapema. Alizivaa hivyo hivyo mpaka zikambana.

Alianza shule Januari 1959. Alipofika sekondari, mwalimu wa baiolojia alimwazima hadubini kuukuu, akaitumia likizo nzima kutazama mate ya kaka zake. Baba yangu, mmoja wa hao kaka, aliandikiwa ripoti rasmi: mate ni mazima, mwenye mate ni mvivu. Mwaka 1971 shangazi alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, akahitimu 1973, na tarehe 2 Januari 1974 akaanza kazi katika maabara ya hospitali kuu. Mwaka 1979 alipelekwa kusomea kromosomu kwa mwaka mmoja. Aliporudi, hospitali nzima hakukuwa na mwingine aliyeijua kazi hiyo.

Hapo kati, tarehe 11 Juni 1978, alikuwa amefunga ndoa na fundi wa hadubini. Bwana huyo alikuja mara tatu kutengeneza lenzi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mara ya nne shangazi alimwambia aache kuisumbua lenzi, aseme kilichomleta. Walijaliwa binti na mwana. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na tangu siku ile shangazi hakuruhusu mtu mwingine aguse hadubini ya nyumbani.

Kazi yake, kwa sisi tusioijua, ilikuwa hivi. Mara chache mtoto huzaliwa na maumbile ambayo mkunga akiyatazama hawezi kusema kama ni wa kike au wa kiume. Damu yake huletwa maabara, chembe zake hukuzwa kwa siku tatu, na msomaji hutafuta ndani yake kromosomu ya Y, ambayo kwa kawaida huwa nayo wanaume. Siku zile madaktari waliisubiri karatasi ya shangazi, wakishaipata wanapanga upasuaji wa kumfananisha mtoto na karatasi.

Agosti 1984 aliletewa damu ya mtoto wa namna hiyo, iliyochukuliwa kwenye kitovu. Alisoma chembe kumi na tano kama kanuni ilivyotaka, hakuona Y hata moja, akaandika: wa kike. Novemba 1987, akiwa anafundisha mwanafunzi, alichukua kioo cha pili cha hadubini, chenye damu ile ile, ambacho hakikuwahi kusomwa. Katika chembe ishirini, sita zilikuwa na Y. Akaelewa papo hapo kwamba huenda damu ya mama ilichanganyika na ya mtoto kitovu kilipokatwa, na yeye alikuwa amesoma chembe za mama, akazipa jina la mtoto. Alituma barua siku ile ile. Ilirudi, familia ilikuwa imehama.

Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka thelathini na sita. Hakujua kama mtoto yule alipasuliwa kwa sababu ya mkono wake. Nililelewa nyumbani kwake, na nilikuwa nikimkuta mezani na faili la mtoto yule, chai imepoa.

Lakini hakukaa akilia tu. Alipiga marufuku kusoma damu ya kitovu peke yake, akaongeza idadi ya chembe, akawa mwiba kwenye vikao vya madaktari. Kila walipotaka kupasua mtoto ambaye hakuwa na ugonjwa, alisimama na kusema, "Ngojeni." Hilo jina la Bi Ngoja alilipata hapo. Aliungana na watafiti kufuatilia watoto mia na arobaini mpaka ukubwani, na alichowafundisha wanafunzi ni kwamba kromosomu, tezi, homoni na maumbile mara nyingi husema neno moja, mara chache hupingana, na hapo mwenye mwili lazima aulizwe. Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama kioo kinaweza kuonyesha mtu atampenda nani. Alimjibu kwamba kioo hakijui hata kama mwenye damu ameshaamka. Alistaafu Machi 2012.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Mwishoni mwa Januari mwaka huu, mwanafunzi wake wa zamani, sasa daktari wa homoni, alipokea mgonjwa aliyekuja kutafuta faili lake la utotoni. Namba ya faili ilikuwa ile ya mtoto wa 1984. Daktari alimweleza yote, akamuuliza kama angependa kuonana na aliyeandika. Tarehe 6 Februari, saa nane mchana, alibisha hodi: mwanamume wa miaka thelathini na tisa, fundi wa majokofu, mikono imejaa makovu ya kazi. Ameniruhusu nisome haya, na amenikataza kumwonyesha kwenu.

Shangazi alikuwa ameandaa maneno mengi. Alitumia neno moja tu.

"Walikupasua?" aliuliza.

"Hapana," alisema yule fundi. "Bibi yangu alikataa kuweka dole gumba kwenye fomu ya upasuaji. Aliwauliza, mtoto anakojoa vizuri, ananyonya vizuri, sasa mnamtibu nini?"

Akasimulia kwamba alivaa magauni mpaka miaka tisa, kisha akamwambia mama yake kuwa yeye ni mvulana. Mama alimjibu kwamba alikuwa akimsubiri aseme. Shuleni walimcheka, akahamishwa shule. Haikuwa rahisi, na hakujifanya ilikuwa rahisi. Damu yake iliyopimwa upya ilikuwa na Y katika kila chembe.

"Nisamehe, mwanangu," shangazi alisema.

"Nilishakusamehe zamani, shangazi. Nilikuwa sijui tu ni nani."

Shangazi alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. Akaomba chai, akamaliza kikombe kizima, akalala palepale kwenye kochi mpaka jioni. Sisi wa nyumbani tulikaa jikoni tukilia kwa furaha, sioni haya kulisema.

Kuanzia siku hiyo fundi alikuja kila Jumapili. Tarehe 21 Aprili 2024, saa nne asubuhi, shangazi alifariki akiwa usingizini, na mkono wake ulikuwa mkononi mwa binti yake. Tunamlilia, ila mioyo yetu ni myepesi kuliko tulivyotarajia.

Ameacha binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu wanne, kaka mmoja ambaye ni baba yangu, nami niliyelelewa naye. Ameacha pia mtu mmoja aliyetuomba aandikwe humu, na tulipomuuliza tumwandike kama nani, alisema tuandike mtoto.

Shangazi, pumzika kwa amani uliyoipata ungali hai.