Mwalimu Anastazia Ndahani na Safari ya Watoto Ishirini

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi, 1961, katika kijiji cha Handali, wilaya ambayo leo inaitwa Chamwino, alizaliwa Anastazia Ernest Ndahani, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Ernest Ndahani, katekista na mfugaji, na marehemu Mama Yulita, naye ndiye ambaye leo tumekusanyika hapa nyumbani kwake Nkuhungu ili tumsindikize.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari, 1969, akahitimu darasa la saba mwaka 1975, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1979, kisha akasomea ualimu Mpwapwa, akahitimu tarehe 27 Novemba, 1981. Miaka kumi na mitatu alifundisha hesabu, hadi mwaka 1994 alipokwenda Arusha kusomea elimu maalumu, na tangu aliporudi mwaka 1996 hadi alipostaafu tarehe 14 Machi, 2021, alikuwa mwalimu wa kitengo cha watoto wenye ulemavu katika shule moja ya msingi ya mjini hapa.

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba, 1986, alifunga ndoa takatifu na Bwana Yohana Mlewa, fundi mitambo wa bwawani Mtera, wakajaliwa watoto wawili, Ernest, aliyezaliwa tarehe 3 Mei, 1988, na Nyemo, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti, 1992. Bwana Yohana alitangulia mbele ya haki tarehe 11 Novemba, 2009, na tangu hapo marehemu aliishi zaidi na wanafunzi wake kuliko na sisi ndugu zake, wala hatukumnung'unikia.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe, tena lisomwe kwa ukamilifu.

Mwezi Septemba, 2017, mfanyabiashara wa vitambaa mjini, Bi. Sherbanu, alikipa kitengo kalenda yenye picha ya bustani ya michezo iliyoko Dar es Salaam, yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu juu na kuwashusha, na mtoto mmoja wa miaka minane, Matonya Chisomi, ambaye mtindio wa ubongo ulimnyima kutembea lakini haukumnyima maneno, aliitazama picha ile siku nzima, kisha akauliza, "Mwalimu, ukiwa kule juu unaiona Dodoma?" Mwalimu akamjibu kwamba hajui, hajawahi kupanda, naye Matonya akasema, "Basi twende tukajue, Mwalimu, mbona unafundisha usichokijua." Darasa lilicheka, Mwalimu akacheka, na jioni ile akafungua daftari jipya.

Maandalizi yalichukua miezi ishirini na moja. Mwezi Aprili, 2018, alisafiri peke yake hadi kwenye bustani ile akiwa na futi ya kushonea, akapima upana wa lango, akapima mlango wa choo na kuona kwamba kiti cha magurudumu kinapita kwa nafasi ya vidole viwili, akahesabu ngazi, akakaa saa nzima kando ya gurudumu akisikiliza makelele yake, kwa sababu alikuwa na watoto wawili wenye usonji ambao makelele huwatesa. Aliandika mtoto gani anameza dawa ya kifafa saa ngapi, nani anakula chakula kilichopondwa, nani hawezi kukaa bila kuegemezwa, na Bi. Sherbanu akashona mito ishirini ya kuegemea, kila mmoja kwa kipimo cha mgongo wa mwenyewe.

Kila Ijumaa walifanya mazoezi uwanjani, madawati yakapangwa kama viti vya basi, watoto wakazoeshwa kupanda, kushuka, kufungwa mikanda ya khanga na kusubiri zamu, na kondakta wa basi lile la madawati alikuwa Matonya, akiwa kwenye dawati la mwisho, akivuta maneno yake polepole, "Gairo, Gairo, wa Gairo mshuke, na wewe mama mwenye kuku, kuku wako naye alipe nauli." Wazazi waliopita njiani walisimama kumsikiliza.

Ijumaa ya tarehe 31 Mei, 2019, yakiwa ni mazoezi ya mwisho, Matonya alipaliwa na mate akiwa katikati ya kutaja vituo, degedege likamshika, midomo ikageuka rangi, na Mwalimu alimbeba mikononi dakika ambazo baadaye hakuweza kuzihesabu, yeye aliyefundisha hesabu. Mtoto alizinduka, akauliza wamefika wapi. Lakini Mwalimu hakuwa tena mtu yule wa asubuhi, kwani kila alipofumba macho aliliona basi liko porini, mbali na hospitali, na mtoto wa watu anamfia mapajani.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mama yake Matonya, Bi. Matilda Chisomi, akiwa amedhamiria kumwambia kwamba mtoto asisafiri. Bi. Matilda alimkaribisha kwa jinsi tunavyokaribishana hapa kwetu, akamkamata kuku jike pekee aliyekuwa naye, akamchinja, akasonga ugali, na walipokuwa wanakula akamtolea viatu vipya vyeusi, akasema, "Mwalimu, najua hatembei, lakini mtoto haendi safari miguu mitupu, watu wa Dar watasema hana mama." Mwalimu alikula kuku yule, akanawa, akashukuru, akaaga, na neno alilolibeba akarudi nalo.

Barua za wazazi zilichapwa na kaka yake mkubwa, karani mstaafu wa masijala, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, zikachapwa kwa mashine, kila moja na nakala yake, zikieleza kwamba wasafiri waripoti shuleni Ijumaa, tarehe 14 Juni, 2019, saa kumi na moja alfajiri, na basi litaondoka saa kumi na mbili kamili. Zilipaswa kuwa ishirini, lakini marehemu alimwambia kaka yake, "Chapa kumi na tisa, kaka, moja nitaiandika mwenyewe," naye kaka akadhani ni kumpunguzia kazi. Ile ya ishirini, iliyokwenda kwa Bi. Matilda, ambaye hakujaliwa kusoma na husomewa na binti wa jirani, ilisema saa moja asubuhi.

Siku ile basi liliondoka saa kumi na mbili kamili. Bi. Matilda alifika akimsukuma mwanawe, mtoto amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vile vyeusi, akamkuta mlinzi, Mzee Habibu, anafagia. "Wamekwenda, mama," akamwambia. "Mbona mimi nimeambiwa saa moja, mzee wangu?" "Basi aliyekusomea amekusomea vibaya, pole sana." Matonya hakulia, alimwomba tu mama yake wakae kidogo, huenda basi likarudi, na Mzee Habibu anashuhudia kwamba walikaa hapo langoni hadi jua likawa kali.

Watoto kumi na tisa walipanda gurudumu, wakarudi salama Jumatatu, tarehe 17 Juni, wakiimba. Wiki hiyo hiyo marehemu alimwomba Bi. Matilda ile barua, akisema inatakiwa kwenye kumbukumbu za shule, naye akampa. Akamwahidi pia kwamba safari ijayo Matonya atakuwa wa kwanza kupanda, lakini Jumatano ya tarehe 2 Oktoba, 2019, Matonya alifariki nyumbani kwao, usingizini, akiwa na umri wa miaka kumi.

Tangu hapo marehemu hakupata utulivu. Mtaani Bi. Matilda alikuwa ametungiwa utani, wanawake wakimwambia kwenye vikao, "Mama Matonya, tunaanza saa nane, usije saa kumi ukakuta tumekunja mikeka," naye anacheka pamoja nao, kwa sababu aliamini kwamba kosa ni lake, na mara mbili alikuja kwa marehemu kumwomba msamaha kwa kumkosesha mtoto safari. Marehemu alimwambia, "Usiseme hivyo, mama," basi, hakuongeza. Nyemo anasema kwamba siku zile mama yake aliinuka ghafla mezani kwenda kufungua mlango, akisema amesikia magurudumu ya kiti kwenye kokoto, na nje hapakuwa na mtu.

Mwezi Juni, 2022, ingawa alikuwa amestaafu, aliongoza safari ya pili, ya watoto kumi na wanne, akifuatana na Bi. Sherbanu. Walipotua Gairo alihesabu vichwa akapata kumi na watano, akarudia, kumi na watano, akaita majina, yakaitika kumi na manne, akahesabu tena, kumi na watano. Bi. Sherbanu akamwuliza, "Mwalimu, mimi naona kumi na wanne tu, wewe unamhesabu mtoto wa nani?" Marehemu alikwenda kukaa kiti cha mwisho, na kuanzia Gairo hadi Dar es Salaam hakumruhusu mtu yeyote akalie nafasi iliyokuwa kando yake.

Mwezi Februari, 2025, alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, tarehe 4 Machi akagundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa hapa Dodoma na baadaye Dar es Salaam, hadi tarehe 30 Agosti alipoomba arudishwe nyumbani. Alhamisi ya tarehe 18 Septemba alimwita kaka yake, akamkabidhi bahasha na kumweleza yote haya, akasema, "Nilijaribu kwenda kwake mara nyingi, kaka, na kila mara ananiwekea kiti na kunipikia, nami nashindwa. Wewe una sauti ya kusoma, soma mbele za watu, maana mbele za watu ndiko alikovunjiwa heshima." Kaka alitaka kumkatalia, akamwambia watu watamsahau Mwalimu waikumbuke barua, naye akajibu, "Na iwe hivyo." Alifariki Jumapili, tarehe 21 Septemba, 2025, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi sita na siku saba, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu. Watoto wake wamekubali haya yasomwe, Nyemo mara moja, Ernest baada ya kulia sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Nkuhungu walioleta maji, kuni na mikeka, walimu wenzake, Bi. Sherbanu ambaye hakukosa hata siku moja, na wazazi waliokuja leo na watoto wao. Dada yetu, umetuagiza na tumesoma, sasa upumzike kwa amani ambayo hukuipata hapa.

Mwisho ni sahihisho. Katika salamu za kamati ya shule zilizosomwa hapa muda mfupi uliopita, imeelezwa kwamba safari ya mwaka 2019 ilikuwa ya watoto kumi na tisa kwa kuwa mmoja "alicheleweshwa na mzazi wake." Kaka wa marehemu naye amelisema neno hilo kwa miaka sita, akijivunia nakala zake kumi na tisa, na leo analifuta. Barua yenyewe hii hapa, imeandikwa kwa mkono wa marehemu, tarehe 10 Juni, 2019, inasema saa moja kamili asubuhi. Mzee Habibu, aliyekuwa na saa mkononi, yuko hapa na amethibitisha kwamba Bi. Matilda Chisomi alifika langoni na mwanawe saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Bi. Matilda, uliye pale nyuma karibu na mlango, hukuchelewa. Uliwahi kwa dakika ishirini na tano.