Mwalimu Vestina Kokwijuka, Aliyeomba Mechi

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu na wanafunzi, wakwe zetu wa hapa Kagoma, nasi tuliotoka Kagondo na Kemondo, waitu, ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Kaijage Mushumbusi, ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, kazi yangu ni ufundi wa injini za boti pale Kemondo, na familia zote mbili zimeniteua kusoma historia hii, si kwa kuwa najua kusoma kuliko wengine, bali kwa kuwa dada aliacha agizo kwamba asisomewe na mtu atakayelia katikati. Nitajitahidi.

Mwalimu Vestina Kokwijuka alizaliwa tarehe 9 Juni 1966 huko Kagondo, Bukoba, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Taata Laurenti Mushumbusi na Maawe Evelyne, ambaye Mungu amemjalia umri na tunaye hapa mbele, akabatizwa mwezi huohuo, na kwa ushuhuda wa Maawe mwenyewe alitembea mapema kuliko sisi wote na hakutulia tena. Sisi wavulana tulikuwa tukisuka mpira wa majani makavu ya migomba, yeye akitumwa kukata ndizi anaupitia njiani, na Taata alipomkemea kwamba binti hapigi mpira alijibu kwamba yeye hapigi, anausindikiza tu nyumbani.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, akapata cheti cha ualimu mwaka 1987 na stashahada mwaka 1991, akibobea katika elimu ya michezo, jambo ambalo majirani walilishangaa, kwa sababu kwetu mtu akisema anasomea kazi walitegemea daktari, wakili, au basi hata padri, sasa huyu anasomea kuruka kamba. Taata aliwajibu kwamba mtoto wake anasoma, wao je, na mjadala ukaishia hapo.

Tarehe 1 Julai 1991 aliajiriwa katika shule moja kubwa ya bweni pale Bukoba mjini, ambayo siitaji jina kwa kuwa wamekuja na basi zima na wamekaa pale kulia, karibuni sana, akawa mwalimu wa michezo kwa miaka zaidi ya kumi na saba, akaanzisha timu ya mpira wa miguu ya wasichana wakati watu bado wanacheka neno hilo, na timu hiyo ikabeba Kombe la Ziwa, lile linaloandaliwa na walimu wa michezo wa Bukoba na Muleba kila Juni, hadi kabati la mkuu wa shule likakosa nafasi. Kwa hiyo atakayesema dada yangu alitetea shule ndogo kwa sababu hakujua kushinda, huyo hakumjua.

Tarehe 28 Desemba 1995 alifunga ndoa takatifu na Bwana Desideri Kamala, shemeji yangu huyu hapa, mkulima wa kahawa na mtu mpole, nasi tulimpa kwa furaha huku tukimwonya kwamba mkewe atakuwa anakimbia asubuhi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mwesiga, Joyness na Buberwa. Baba mkwe alipofariki mwaka 2008 shemeji ndiye aliyerithi kibanja, shamba la ukoo, na kibanja hakiachwi kikaota majani, hivyo dada akaomba uhamisho, na Januari 2009 akaripoti Shule ya Sekondari Rwenkende, hapo ng'ambo ya bonde, shule ambayo wanafunzi wake wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, wangeenea katika bweni moja la kule alikotoka.

Hapo ndipo historia yake inapoanza upya. Juni ya mwaka huohuo alipeleka wasichana wa Rwenkende kwenye Kombe la Ziwa, akiwa amewaokota karibu wote waliokuwa na afya, pamoja na mmoja aliyekuwa na jino bovu, wakapangwa na ile shule kubwa, na kwa kuwa nilikwenda kuwashangilia niliyaona kwa macho yangu. Walifungwa kumi na moja bila. Lakini si hizo kumi na moja zilizomuumiza, bali golikipa wa shule kubwa, binti aliyeitwa Ashura, ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha kudaka, na ambaye baada ya goli la saba alichoka kusubiri mpira usiofika, akatoka golini, akaenda kukaa na mashabiki, akaletewa muwa, akautafuna taratibu huku goli lake likiwa wazi, na wasichana wetu hawakufika hata kwenye lile goli tupu. Watu walicheka, hata mwamuzi alicheka. Tulipofika nyumbani nikampa dada chai, akaiacha ikapoa.

Novemba, katika kikao cha walimu wa michezo pale Bukoba, alisimama akapendekeza kwamba shule zigawanywe makundi mawili kwa idadi ya wanafunzi, kubwa zicheze na kubwa na ndogo na ndogo, kila kundi na kombe lake, kwa maana shule yenye wanafunzi elfu moja inachagua wachezaji na shule ya watu mia na ushee inakusanya waliopo. Wakakataa. Mwaka uliofuata akasimama tena, wakakataa, wakisema hadhi ya kombe itashuka, wengine wakisema mdogo hukua kwa kupigana na mkubwa, hoja ambayo nami niliiona ina ukweli na nikamwambia, akaninunia wiki nzima, na mwalimu mmoja akafanya utani kwamba mwakani mama huyu ataomba magoli ya wenzake yapanuliwe. Aliyekuwapo ananiambia dada hakupandisha sauti, alijibu maneno machache ambayo walimu wa Kagera wanayarudia mpaka leo.

"Siombi huruma. Naomba mechi."

Miaka ikaenda, akizoeleka kama mvua ya Aprili, hadi mwaka 2016 walipomkubalia, kwa sharti moja, kwamba kila shule ndogo ikubali yenyewe kwanza kuingia katika kundi la wadogo. Tulidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo imeanza, kwa sababu hatukukumbuka sisi ni akina nani. Waitu, mnatujua. Mhaya unaweza kumnyima chakula akakusamehe, lakini mwambie kwamba yuko kundi la wadogo uone. Wazazi wa Rwenkende walikutana, wakamsikiliza kwa adabu, kisha Mzee Rugambwa, mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye yupo hapa na hatanikasirikia kwa kuwa nimemwomba ruhusa, akasimama na fimbo yake akasema kwamba afadhali Rwenkende ifungwe kumi na moja na wakubwa kuliko kushinda na wadogo, na mkutano mzima ukampigia makofi, hata wale ambao binti zao ndio walikuwa wamechekwa uwanjani.

Siku ile dada alilia, na mimi sikumbuki kumwona akilia kabla ya hapo, hata Taata alipokufa alijikaza kwa ajili yetu. Alisema angeweza kupigana na shule kubwa maisha yake yote, lakini hakujua atawafanyaje watu wake mwenyewe, na kwamba wasichana wale watamaliza shule bila kucheza hata mechi moja ambayo hawajui matokeo yake kabla ya kuanza. Akaniambia neno hilo mara mbili.

Wiki iliyofuata alikuja Kemondo, na nani, na Mzee Rugambwa, eti wanakuja kununua samaki. Mzee alifanya kazi ya kupakia kahawa pale bandarini enzi za ujana wake, hivyo kila mtu alimsalimia, wakakaa kwenye karakana yangu, mimi nikafungua injini na kufungua masikio. Dada alimwuliza ile meli inafunga wapi, mzee akasema gatini, akauliza na mitumbwi je, mzee akasema mwaloni, kule ufukweni kwa wavuvi, akauliza kama kuna mvuvi aliyewahi kujiona mdogo kwa kuwa hafungi mtumbwi wake gatini pamoja na meli, mzee akacheka akasema huo si mtumbwi tena, hizo ni kuni, utasagwa. Mzee yule ana akili, hakuhitaji kuongezewa. Akatafuna punje za kahawa nilizomkaribisha, akazitema, kisha akasema kwamba mtumbwi lakini haupewi kombe, na dada akamjibu kwamba ndicho anachohangaikia.

Basi mzee akakubali, kwa masharti mawili, nayo ni ya Kihaya hasa, kwamba neno wadogo lisitamkwe, kundi liitwe Kundi la Mwalo na lile lingine Kundi la Gati, na kwamba kombe la Mwalo lisiwe fupi kuliko la Gati hata kwa ukucha. Dada alirudi Bukoba kulipigania na hilo, na siku makombe yalipoletwa mwaka 2017 mzee alisimama mbele ya mgeni rasmi akayapima yote mawili kwa fimbo yake, ndipo mashindano yakafunguliwa. Rwenkende ililibeba kombe hilo mwaka 2018 kwa goli moja la dakika za mwisho, ndilo lile mnaloliona mezani karibu na picha yake, na kwa kelele za usiku ule watu wa ng'ambo walidhani senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanguka.

Sasa sikilizeni neno lililobaki. Ushindi ule uliwapa wasichana kichwa, na nahodha wao, ambaye ni Joyness, bintiye, akamwendea mama yake akamwambia wanataka kucheza na bingwa wa Gati. Dada alikataa. Aliogopa, nasema wazi, aliogopa kuona tena watoto wakichekwa, lakini binti alirithi miguu na alirithi kichwa, akamjibu kwamba mama aliomba mechi miaka yote na sasa mechi imekuja anaikimbia. Ikachezwa tarehe 15 Juni 2019 kwenye uwanja wetu wa Rwenkende, ule unaoinamia bondeni, na benchi la wageni liliongozwa na mwalimu wao mpya wa michezo, naye alikuwa Ashura, yule yule wa muwa.

Tulifungwa mbili kwa moja. Mzee Rugambwa mpaka leo husimulia kwamba tulishinda moja, na simpingi, lakini tulifungwa, na kipenga kilipolia nilimtafuta dada nikiwa na maneno ya kumfariji, nikamkuta amesimama kwenye mstari, amekunja mikono, anatabasamu peke yake.

"Kaijage, umemwona golikipa wao? Hakutoka golini."

Alistaafu kwa hiari mwezi Juni 2021, Rwenkende ikamuaga kwa ngoma, na mwaka 2023 akaanza kusumbuliwa na shinikizo la damu lililogusa figo, akatibiwa hospitali za hapa mkoani na baadaye Mwanza, akaenda na kurudi bila kunung'unika, akiuliza matokeo ya mechi kabla ya majibu ya vipimo vyake, hadi alfajiri ya Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 alipoitika wito wa Bwana akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, mama na ndugu, na shule mbili ambazo kila moja inasema alikuwa wake.

Walimu wa michezo, nasikia mwezi ujao mnakaa, na kuna wanaotaka kombe lirudi kuwa moja, na wanaotaka makundi yawe matatu. Mimi ni fundi, sitawafundisha kazi. Jambo moja tu naomba, mtakapopiga kura kila mmoja ajiulize kama kila golikipa atakuwa na kazi ya kufanya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo, majirani mlioleta ndizi, kuni na maji tangu Jumatatu, wanawake wa Kagoma mliolala hapa, walimu wenzake na wanafunzi wote, na Mzee Rugambwa aliyekubali kulileta kombe, ingawa amesema linarudi leo leo. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mwalimu Ashura, aliyefika hapa tangu juzi mwili ulipoletwa, akavuta kigoda kando ya jeneza, na tulipomwita kula alikataa, na tulipomwita kulala alikataa, na bado amekaa pale.

Dada, agizo lako nimelivunja kidogo, utanisamehe. Pumzika kwa amani, golikipa wako hajatoka.